Umetengeneza multimita yako: ilinganishe kabla ya kugusa skrubu

Mtu akishafungua multimita yake, kile chombo cha kupima volti, mkondo na ukinzani, akabadilisha kilichoungua na kuifunga tena, swali linalomjia ni moja: je, sasa inahitaji kalibresheni? Majibu atakayopewa yanapingana. Mmoja atamwambia mita ikifunguliwa tu imeshapoteza usahihi wake, isitumike mpaka ipite maabara. Mwingine atamwambia achukue betri mpya, aipime, kisha azungushe ile skrubu ndogo ya ndani mpaka skrini iandike 1.50.

Ushauri wa kwanza mara nyingi ni hofu ya bure. Wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu unaharibu mita iliyokuwa nzima. Betri mpya ya alkalini isiyobeba mzigo kwa kawaida husoma karibu volti 1.6. Ukizungusha skrubu mpaka 1.6 ionekane kama 1.50, umeifundisha mita kupunguza kila kitu kwa zaidi ya asilimia 6. Kesho itapima umeme wa volti 230 na kukuambia ni 216 hivi, nawe utaanza kutafuta hitilafu ambayo haipo.

Mkanganyiko huu wote unatokana na neno lenyewe, kwa hiyo tuanze nalo.

Kulinganisha na kurekebisha ni kazi mbili

Kalibresheni, kwa maana yake katika elimu ya vipimo, ni kulinganisha. Unaipa mita kitu ambacho thamani yake inajulikana, unasoma inachosema, unaandika tofauti. Hakuna kilichozungushwa wala kubadilishwa. Wapo wanaoiita ugezi. Kuzungusha skrubu, au kubadili namba zilizohifadhiwa ndani ya mita ili tofauti ile ipungue, ni marekebisho, na msamiati wa kimataifa wa vipimo unaonya waziwazi kwamba mambo haya mawili yasichanganywe.

Chukua saa ya ukutani. Ukiitazama sambamba na saa unayoiamini, ukagundua iko mbele kwa dakika 3, hiyo ndiyo kalibresheni. Ukirudisha mshale nyuma, hayo ni marekebisho. Saa iliyo mbele dakika 3 bado inakufaa, mradi unajua iko mbele na unapunguza dakika hizo kila unapoisoma. Lakini ukirudisha mshale kwa kufuata saa nyingine mbovu, umepoteza vyote viwili: saa haiko sawa, na hujui tena imepotoka kiasi gani.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi baada ya matengenezo haugeuzwi. Linganisha, andika, tafakari namba zinasema nini, rekebisha ikiwa kweli pana haja, kisha linganisha upya. Fundi anayeanza na bisibisi ameruka hatua tatu za mwanzo, na zile ndizo zenye taarifa yote.

Neno la tatu ni usahihi. Wengi huudhania kuwa ni wingi wa tarakimu kwenye skrini. Mita inayoandika 12.047 huaminiwa kuliko inayoandika 12.0, kana kwamba tarakimu za ziada ni ushahidi. Sivyo. Tepu ya fundi cherehani inaweza kuwa na mistari midogo ya milimita, safi na inayosomeka vizuri, na bado ikawa imevutika kwa matumizi ya miaka. Mistari haijapungua, lakini gauni litabana. Tarakimu ni mistari ya tepu. Usahihi ni kama tepu yenyewe haijavutika.

Fimbo iliyo ndani ya mita

Ili ujue matengenezo gani yanagusa usahihi na yapi hayagusi, inabidi ujue mita hupimaje. Habari njema ni kwamba multimita ya kawaida ya mkononi ina kipimo kimoja tu cha msingi, na vingine vyote hujengwa juu yake.

Nitumie mfano wa chipu ya ICL7106, ambayo yenyewe na jamaa zake zimo ndani ya mita nyingi sana za bei nafuu zenye skrini inayoishia 1999. Chipu hii haijui volti. Inachofanya ni kuuliza: volti iliyoingia ni mara ngapi ya volti ninayoijua? Ile inayoijua huitwa volti rejea, nayo kwa kawaida huwekwa kuwa milivolti 100. Jibu huzidishwa kwa 1000 na kuandikwa. Ukiipa milivolti 100, uwiano ni 1, skrini inaandika 1000, na nukta huwekwa mahali pake ili usome 100.0.

Hebu fikiria unapima urefu wa chumba kwa fimbo ya mita moja. Ukipata fimbo 6, unasema mita 6. Sasa mtu akakata ncha ya fimbo bila wewe kujua. Chumba hakijabadilika, lakini utahesabu fimbo nyingi zaidi na utasema chumba ni kirefu. Volti rejea ndiyo fimbo. Ikishuka kutoka milivolti 100 hadi 98, kila kipimo cha volti kitasomeka juu kwa karibu asilimia 2.

Hapa ndipo inapoeleweka tabia moja inayowashangaza watu: mita yenye betri iliyochoka husoma juu, haisomi chini. Nguvu ya betri ikipungua mno, chipu hushindwa kuishikilia volti rejea, fimbo inakatika, hesabu inapanda. Wapo waliozungusha skrubu kutibu ugonjwa huo, kisha wakaweka betri mpya wakashangaa mita yote imekwenda chini. Kabla ya jambo lolote lingine, weka betri nzima.

Skrubu yenyewe, inayoitwa trima, kazi yake ni kurefusha au kufupisha fimbo hiyo. Haina kazi nyingine.

Kwa kuwa skrini inaishia 1999, chipu yenyewe haiwezi kusoma zaidi ya karibu milivolti 200, nazo ni kidogo mno kwa kazi za kila siku. Kwa hiyo kabla ya volti kufika kwenye chipu, hupita kwenye ngazi ya rezista, yaani vipande vyenye ukinzani unaojulikana (hupimwa kwa omu), zinazoigawa. Mpangilio uliozoeleka ni megaomu 9, kiloomu 900, kiloomu 90, kiloomu 9 na kiloomu 1, zote kwa mfululizo, jumla megaomu 10. Ukichagua volti 2 unachota sehemu ya kumi ya kilichoingia; volti 20, sehemu ya mia; volti 200, sehemu ya elfu.

Mkondo nao hupimwa kwa ujanja huohuo. Mita huupitisha kwenye rezista ndogo inayojulikana, iitwayo shanti, na kupima volti inayojitokeza juu yake. Kwenye ampea 10, shanti mara nyingi ni kipande cha waya mnene kilichopindwa, chenye ukinzani wa karibu omu 0.01. Ukinzani hupimwa kwa kulinganisha rezista isiyojulikana na rezista inayojulikana iliyomo ndani, mkondo mmoja ukipita zote mbili. Katika mita za aina hii, fimbo ya milivolti 100 haihusiki kabisa na upimaji wa omu.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho moyoni, kwa sababu ina maana kubwa: hakuna namna ya kutibu omu zilizopotoka kwa kuzungusha trima ya volti. Utakachopata ni volti zilizopotoka pia.

Kusoma tofauti kama daktari anavyosoma dalili

Sasa rudi kwenye karatasi uliyoandika tofauti zako. Kama volti zote, ngazi baada ya ngazi (yaani kila upeo unaouchagua kwa swichi: milivolti 200, volti 2, volti 20 na kuendelea), ziko juu kwa asilimia ileile, fimbo ndiyo imefupika na trima ndiyo dawa. Kama ngazi ya milivolti 200 iko sawa lakini zote zilizo juu yake zinasoma chini kwa asilimia ileile, usiiguse trima: tazama rezista ya megaomu 9, ambayo huenda imepanda thamani. Rezista za ukinzani mkubwa ndizo hupokea kishindo cha kwanza volti kubwa ikipigwa kwenye mita kimakosa, na zinaweza kupotoka bila kubadilika rangi.

Kama ngazi moja tu inalia na jirani zake zimetulia, kosa liko kwenye ngazi hiyo. Nimekokotoa mfano: rezista ya kiloomu 90 ikipanda hadi 99, ngazi ya volti 20 itasoma juu kwa karibu asilimia 9, ya volti 2 kwa asilimia 0.8 tu, na ya volti 200 haitatikisika kwa kiasi utakachokiona. Ukijaribu kuisahihisha ngazi ya volti 20 kwa trima, utaishusha ngazi ya volti 200 kwa karibu asilimia 8. Umeponya kidole kwa kuvunja mkono.

Pengine namba hazitulii, zinacheza kila ukigusa kitufe cha kuzungusha. Hapo tatizo ni migusano ya swichi, na dawa ni usafi.

Kwa mkondo, angalia shanti. Fundi aliyeilehemu upya na kuacha risasi ya ziada juu ya ule waya mnene amepunguza ukinzani wake, na mita itasoma ampea chache kuliko zinazopita. Shanti iliyowahi kuungua ikapanda ukinzani itasoma nyingi.

Kwa hiyo swali la mwanzo, kama mita iliyotengenezwa inahitaji kalibresheni, jibu lake linategemea ulichogusa. Fyuzi ikibadilishwa, usahihi hauguswi: fyuzi iko njiani kabla ya shanti, na mita hupima volti ya juu ya shanti peke yake. Betri, kioo na kasha ni vilevile. Waya za kupimia huathiri omu ndogo tu. Lakini ukibadilisha rezista ya kugawa volti, shanti, chipu, au chochote kilicho karibu na volti rejea, ulinganisho kamili wa kila ngazi ni lazima, hata kama skrini inaonekana kusema kweli.

Usafi kabla ya namba

Hili hupuuzwa na ndilo huponza wengi. Mita ya megaomu 10 ni chombo chenye masikio makali. Mabaki ya dawa ya kulehemu yaliyokauka kati ya vituo viwili, au alama ya kidole chenye jasho, yanaweza kuwa njia ya umeme ya makumi ya megaomu, sambamba na rezista zako. Hapo utapima kosa ambalo si la rezista wala la chipu. Ni uchafu.

Safisha bodi kwa pombe ya isopropili na brashi laini, iache ikauke vizuri, funga kasha, kisha uiache mita itulie kwenye chumba kwa saa kadhaa. Rezista iliyotoka kulehemiwa bado ina joto na haijarudi kwenye thamani yake. Watengenezaji wengi huahidi usahihi wao kwenye nyuzi joto 23 za Selsiasi, zikipanda au kushuka kwa 5. Nje ya hapo ahadi hulegea, kwa hiyo usilinganishe mita kwenye jua au mbele ya feni.

Ulinganishe na nini?

Hapa ndipo ukweli wa kazi yote ulipo: mita yako haiwezi kuwa bora kuliko kile ulichoilinganisha nacho. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba rejea, yaani kile unacholinganishia, iwe bora kuliko mita inayopimwa walau mara 4.

Tuhesabu. Kitabu cha mita kinasema usahihi kwenye volti 20 ni asilimia 0.5 ya kinachosomeka pamoja na hesabu 2 za tarakimu ya mwisho kabisa. Unaipa volti 10.00. Asilimia 0.5 ni volti 0.05, hesabu 2 za tarakimu ya mwisho ni 0.02, jumla 0.07. Mita inayosoma popote kati ya 9.93 na 10.07 iko ndani ya ahadi yake. Ikisoma 10.03, iache. Najua mkono utawasha, lakini iache, kwa sababu marekebisho hayo hayana ushahidi kwamba yataboresha chochote. Na rejea yako, kwa kanuni ya mara 4, inapaswa kuwa na shaka isiyozidi volti 0.0175 hivi.

Betri haina sifa hiyo. Umeme wa ukutani ndio kabisa: hupanda na kushuka kutwa, na kuushika kwa mita ambayo hujathibitisha kama ilitengenezwa sawasawa ni kucheza na uhai. Mita ya pili ya daraja lilelile nayo haitoshi. Mita mbili kukubaliana kunathibitisha kitu kimoja tu, kwamba zimekubaliana. Zikitoka kiwanda kimoja na rezista za fungu moja, zinaweza kupotoka pamoja kama watu wawili waliotegea saa zao kwenye redio iliyochelewa.

Kinachofaa ni chipu ya volti rejea. Ubao mdogo wenye AD584, kwa mfano, hutoa volti 2.5, 5, 7.5 na 10. Ukitumia ubao kama huo, thamani ya kuamini ni ile iliyopimwa kwa mita bora inayojulikana, si ile iliyochapishwa kwenye ubao. Kwa omu, nunua rezista chache za asilimia 0.1 na uzihifadhi kwa kazi hiyo pekee: omu 100, kiloomu 10 na megaomu 1 zinatosha kuanzia. Unapopima omu 100, kwanza gusisha ncha za waya pamoja usome ukinzani wa waya zenyewe, kisha uutoe. Unapopima megaomu 1, usiishike rezista kwa vidole vya mikono yote miwili, maana mwili wako utajiunga kwenye kipimo.

Mnyororo huu wa kulinganisha una mwisho wake. Mita yako hulinganishwa na rejea, rejea na mita ya maabara, mita ya maabara na vifaa vya taasisi ya taifa ya vipimo, na juu kabisa hakuna tena kifaa cha kuaminiwa kwa heshima yake, kuna sheria ya maumbile. Mwaka 1962 Brian Josephson alitabiri jambo linalotokea kwenye vipitishi vilivyopoozwa sana, ambalo hufunga volti na masafa ya mawimbi pamoja. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing aligundua ukinzani unaojirudia bila kubadilika, karibu omu 25,813. Tangu tarehe 20 Mei 2019, vipimo vya umeme duniani vimesimama juu ya namba zisizobadilika za maumbile. Maabara inayokupa cheti inauza nafasi ya mita yako kwenye mnyororo huo.

Ukiamua kuzungusha

Tuseme ushahidi umekamilika: betri nzima, bodi safi, na volti zote zimepotoka kwa kiasi kimoja kilicho nje ya ahadi. Rekebisha kwenye ngazi ya chini kabisa, ile ya milivolti 200, ambako rezista za kugawa hazijaingiza makosa yao, na tumia volti iliyo karibu na juu ya ngazi, kama milivolti 190. Ukirekebisha kwa volti ndogo, tarakimu moja ya mwisho inakuwa sehemu kubwa ya kipimo na huwezi kuiona tofauti. Weka alama ya kalamu mahali trima ilipokuwa. Zungusha kidogo sana, subiri namba itulie, geuza waya uone kama upande hasi unasoma vilevile. Kisha pita ngazi zote upya.

Mita za kisasa zaidi hazina trima. Marekebisho yake ni namba zilizo kwenye kumbukumbu ya ndani, hufunguliwa kwa kitufe kilichofichwa au neno la siri, na mita hudai ipewe volti, omu na ampea maalumu kwa mpangilio wake. Usiingie humo kwa udadisi. Ukianza na huna chanzo cha viwango inachodai, unaweza kufuta namba za kiwandani ukabaki huna cha kurudishia. Mita ya aina hiyo iliyobadilishwa chipu, ipeleke kwa mwenye kalibreta, chombo kinachotoa volti, omu na ampea za thamani inayojulikana.

Jambo ambalo kalibresheni haikuambii

Mita inaweza kusoma volti 10.000 bila kasoro na bado ikamwua mtu. Ulinganisho hauangalii kama fyuzi iliyowekwa ni ya kasi na volti zilizoandikwa na mtengenezaji, kama vilinzi vya kuzima kishindo cha umeme vimerudishwa mahali pake, au kama kasha lina ufa. Fyuzi ya kioo ya volti 250 iliyowekwa mahali pa ile ya volti 1000 iliyojazwa mchanga haitabadilisha hata tarakimu moja kwenye skrini. Siku mtu atakapoacha waya kwenye tundu la ampea na kugusa umeme mkubwa, itapasuka badala ya kukata. Alama ya CAT iliyoandikwa kwenye kasha, inayosema mita inaweza kuhimili kishindo cha umeme cha daraja gani, ni ahadi ya mita kama ilivyotoka kiwandani. Fundi akibadilisha ulinzi wake kwa kitu hafifu, ahadi imekwisha, na hakuna cheti cha usahihi kitakachoirudisha.

Stika yenye tarehe nayo isomwe kwa maana yake. Inasema mita ilikuwa hivi siku ile. Mwaka mmoja ni muda uliozoeleka kabla ya kulinganisha tena, lakini ukiidondosha mchana wa siku hiyohiyo, stika haina habari nayo.

Kwa mita iliyotoka kutengenezwa, mimi sisubiri mwaka. Naandika namba zote siku ya kwanza, pamoja na nyuzi joto za chumba na rejea niliyotumia, kisha narudia baada ya wiki moja na tena baada ya mwezi, kwa rejea ileile. Rezista mpya na trima iliyoguswa huweza kusogea kidogo zinapotulia. Namba za siku tatu hizo zikikaa pamoja, karatasi inaingia kwenye mfuko wa mita. Zikiwa zinapanda kila mara, hata kama bado ziko ndani ya ahadi, naifungua tena.